Padri wa Taos na riwaya iliyomharibia jina

Mapadri wawili Wafaransa, marafiki tangu ujana, wanatumwa New Mexico, nchi ya majangwa ambayo Marekani iliitwaa kutoka Mexico baada ya vita vya 1846 hadi 1848. Kwa miaka mingi wanazunguka juu ya nyumbu wakibatiza, wakifungisha ndoa na kuzika. Hicho ndicho kisa cha Death Comes for the Archbishop, riwaya ya Willa Cather iliyotoka mwaka 1927. Wengi huihesabu miongoni mwa riwaya bora za Marekani, na inastahili. Lakini ndani yake yumo mtu aliyedhulumiwa.

Cather hakuwa Mkatoliki. Alilipenda eneo la kusini-magharibi baada ya kulitembelea, kisha akakutana na kitabu cha mwaka 1908 cha padri William Howlett kuhusu Joseph Machebeuf, askofu wa kwanza wa Denver. Humo alimkuta pia Jean-Baptiste Lamy, aliyefika Santa Fe mwaka 1851 na kupanda hadi uaskofu mkuu mwaka 1875. Alipowatia riwayani aliwapa majina mapya: Lamy akawa Latour, Machebeuf akawa Vaillant.

Ukitafuta kisa chenye fundo na mvutano hutakipata. Ni visa vidogo vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, na utamu wake uko katika mambo madogo. Vaillant anafika kwa tajiri Lujon, anawapenda nyumbu wake wawili weupe, anapewa mmoja. Anakataa kuondoka naye: atampandaje mnyama mzuri hivyo huku askofu wake akihangaika na mnyonge? Tajiri anacheka, na padri anaondoka na wote wawili. Ukarimu, ujanja na mapenzi ya rafiki kwa rafiki vimo vyote katika kurasa chache. Mandhari ya nchi ile, anga pana na miamba myekundu, sijaona mwandishi aliyeyaeleza vizuri zaidi.

Sasa tumgeukie Antonio José Martínez, paroko wa Taos. Huyu Cather alimwacha na jina lake halisi. Kitabuni ni mzinzi, dhalimu na mpenda makuu. Latour anapolala nyumbani kwake anakuta chumbani nywele za mwanamke zimetupwa pembeni. Tena anatuhumiwa kuwachochea wenyeji asilia wa Taos waasi mwaka 1847, kisha kujipatia mashamba ya waliohukumiwa kunyongwa. Tuhuma hiyo nzito haina ushahidi wa kuaminika.

Martínez wa historia alizaliwa mwaka 1793. Alioa, mkewe akafariki, ndipo akaingia seminari huko Durango. Aliporudi Taos alifungua shule, akapata mtambo wa kuchapa, akatoa vitabu vya kufundishia watoto kusoma na kuandika. Alipinga maskini kutozwa zaka, na aliketi katika baraza la kutunga sheria. Hakuwa malaika, wanahistoria wengi wanakubali kwamba alizaa watoto akiwa padri. Lakini ugomvi wake na Lamy ulihusu zaka pia, kwani askofu aliagiza wasiolipa wanyimwe sakramenti. Martínez alipinga kwa maandishi, na mwishowe Lamy akamtenga na Kanisa. Alifariki mwaka 1867.

Ukiyajua haya, unaona jinsi riwaya ilivyoegemea upande mmoja. Mapadri wa Kimexico wanaonekana kama uchafu uliohitaji kufagiwa na Wafaransa, ilhali mmoja wao, José Manuel Gallegos, aliposimamishwa na Lamy alichaguliwa kuiwakilisha New Mexico katika Bunge la Marekani. Kwa wenyeji asilia wa kabila la Navajo, Cather alikuwa na huruma zaidi: hakuficha kwamba Kit Carson, rafiki wa maaskofu wake, ndiye aliyewafukuza kutoka nchi yao.

Kutunga ni haki ya mwandishi, lakini wafu hawawezi kujibu. Ndiyo maana hoja ya jina haiwezi kupuuzwa. Aliyewasitiri Wafaransa wawili kwa majina ya kubuni angeweza kumsitiri paroko wa Taos pia, hasa kwa kuwa jamaa zake walikuwa bado wanaishi palepale.

Tangu Januari 2023 hakimiliki ya riwaya hii imekwisha Marekani, na mchapishaji yeyote nchini humo anaweza kuitoa upya. Watakaofanya hivyo, na watakaoitafsiri, waweke mwanzoni kurasa mbili tatu za maisha halisi ya Padri Martínez, ili msomaji akutane naye kwanza kabla ya kukutana na yule wa Cather.