Unguja Mjini Machoni mwa Wageni

Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana ya methali hii yajulikana: kuku mweupe hajifichi kati ya wenzake, kila jicho humwelekea, na kila mwenyeji huwa na la kusema juu yake. Lakini liko jambo la pili ambalo methali haikulitaja, nalo ni kwamba kuku mweupe naye ana macho. Mji unapomtazama mgeni, mgeni naye autazama mji. Tofauti ni hii: mwenyeji alisema yake barazani, na maneno yakapotea usiku ule ule, mgeni aliyaandika yake daftarini, na daftari likachapwa London au Berlin, likatiwa katika maktaba, likawa historia.

Nia ya makala haya ni kuzitazama habari walizoziandika wageni juu ya mji wa Unguja katika karne ya 19, yaani mji ule ambao siku hizi huitwa Mji Mkongwe. Wageni hao waliusifu mji na kuulaani, na mara nyingine sifa na laana zatoka katika kalamu moja. Watu wake wameitwa wakarimu, wameitwa wavivu, wameitwa wapole, wameitwa walaghai. Je, tumsadiki nani, na katika lipi? Swali hili si la mchezo. Mwanafunzi atakaye kujua mji ule ulikuwa na tabia gani hana budi kuzisoma habari hizo, maana nyingine ni chache. Tena sifa hizo zimenakiliwa kitabu hata kitabu, mpaka wako wenyeji ambao wamejifunza kujieleza kwa maneno ya watu waliokaa kwao miezi miwili.

Karibu wageni wote waanza kwa sifa, na sababu yake ni bahari. Mgeni wa zamani zile aliufikia mji kwa chombo, akauona kwanza kwa mbali: minazi, kisha kuta za chokaa zikimetameta juani, jumba la Sayyid likielekea bandari, majahazi kwa mamia, na bendera za mabalozi juu ya mapaa. Balozi wa Marekani alifika mwaka 1837, wa Uingereza mwaka 1841, na Wafaransa wakafanya mkataba wao mwaka 1844. Nahodha Smee, aliyefika mwaka 1811, alikuwa ameuona mji wenye nyumba za mawe chache na vibanda vya makuti vingi. Waliokuja miaka 50 baadaye waliuona mji wa mawe uliojengwa kwa faida ya karafuu, pembe na watumwa.

Kisha mgeni alishuka pwani, na hapo kalamu ikabadilika. Maji yakitoka, ufuko ulikuwa jaa la mji mzima, hata mizoga na maiti za watumwa zilitupwa pale. Njia zilikuwa nyembamba, na visima vilikuwa karibu na vyoo. Wahenga wangesema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. David Livingstone, aliyefika Januari mwaka 1866, alichukizwa na harufu hata akalichezea jina la mji katika shajara yake, akilitia neno la Kiingereza lenye maana ya kunuka. Mzaha huo umerudiwa mara nyingi kupita mambo mengi ya maana aliyoyaandika.

Tusimkasirikie. Harufu ile ilikuwako. Miaka minne haijatimia baada ya shajara hiyo, kipindupindu kiliingia, na katika mwaka 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Mwenyeji asemaye kwamba mgeni alisingizia, huyo haitetei nchi yake, bali awasahau waliokufa. Na yafaa tukumbuke kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta mjini maji safi ya chemchem kwa mifereji. Barghash huyu alikuwa amehamishwa kwa nguvu kwenda Bombay mwaka 1859, akakaa huko kama miaka miwili akiona mji mwingine wa bandari unavyoendeshwa. Aliporudi alikuwa na macho mawili, la mwenyeji na la mgeni, na si ajabu kwamba aliona kiu ya mji wake.

Baada ya bahari, jambo la pili ni majira. Mji wa Unguja haukuwa mji mmoja mwaka mzima. Pepo za kaskazi, tangu Desemba hata Machi, zilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na mji ukajaa mabaharia wasio na ndugu wala jirani pale. Wengine kati yao walikuwa wezi wa watu. Waliiba watoto na watumwa wakawaficha chomboni, na wenyeji wakawafungia wana wao ndani. Kusi kikivuma, vyombo vilirudi kwao, na mji ukapumua.

Basi angalia: Richard Burton alifika Desemba mwaka 1856, na Livingstone alifika Januari, wote wawili waliingia na kaskazi. Mgeni aliyeona ugomvi njiani na milango iliyofungwa aliandika kwamba watu wa mji huo ni wakali na wenye kushuku, wala hakujua kwamba wenyeji nao walikuwa wakiwangoja wageni waondoke. Burton, tena, alifika katika miezi ya msiba. Sayyid Said alikuwa amefariki baharini Oktoba mwaka ule ule, na wanawe, Majid wa Unguja na Thuwaini wa Maskati, walikuwa wakigombea urithi. Ni kweli kwamba Burton alikaa mpaka Juni mwaka 1857, lakini sehemu ya muda huo alikuwa Mombasa na Pangani, na huko aliugua homa vibaya. Kitabu chake juu ya Unguja kilitoka mwaka 1872, miaka 15 tangu alipoondoka. Kina elimu nyingi sana, na dharau nyingi vile vile. Hakuna taifa mjini, Waarabu, Wahindi wala Waswahili, lililopona ulimi wake. Aliyekisoma Ulaya mwaka huo aliletewa tabia za mji uliokuwa katika matanga ya mfalme aliyekwisha kusahauliwa na wengi.

Jambo la tatu ni mlango alioingilia mgeni. Tangu kale watu wa pwani walijua kwamba mgeni huuona mji kwa macho ya mwenyeji wake. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, asimulia kwamba Mogadishu chombo kilipotia nanga vijana walikwenda kukilaki na vyakula, kila mmoja akamchagua mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake, na tangu hapo biashara ya mgeni ilipita mikononi mwa mwenyeji huyo. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli, na ulikuwa pia biashara. Mambo haya mawili hayapingani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wengi wa Ulaya waliona upande mmoja tu. Aliyepewa kahawa na halua akasifu moyo mwema. Aliyetambua kwamba kahawa ina hesabu ndani yake akalia kwamba amedanganywa. Lakini Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844 kutangaza dini ambayo mfalme hakuifuata, alipokewa na Sayyid Said kwa heshima, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Hapo faida ya mwenyeji ni ndogo, na adabu ni kubwa.

Jambo la nne ni lugha. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akakaa chini kujifunza maneno ya mji. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mji ule ule ambao Burton aliuona hauna akili ila ya hila, Steere aliusikia ukicheka, ukipanga visa, ukiwafanyia mzaha masultani na matajiri. Mji ulikuwa haukubadilika. Aliyebadilika ni msikilizaji. Na James Christie, tabibu aliyekuwako wakati wa kipindupindu, alipoandika kitabu chake mwaka 1876 alieleza visima, vyakula, mitaa na kazi za watu kwa makini ambayo wapita njia hawakuwa nayo. Sababu yaeleweka. Mganga haulizi kama watu wa mtaa huu ni wema au wabaya; auliza wamekunywa maji ya wapi. Swali dogo la namna hiyo limetufaa sisi wa leo kuliko hukumu kubwa za wengine.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo karibu wote walilitazama bila kuliona, nalo ni mkono ulioshika sinia. Mgeni aliyesifu utulivu wa mji, nyumba za baridi, maji ya kunawa, machela na vyakula, alikuwa akisifu kazi ya watumwa. Aliyelaani soko la watumwa mchana, usiku alilala katika nyumba iliyofagiwa na hao hao. Na aliyeandika kwamba watu wa mji ni wavivu, kwa maana wenye nyumba walikaa barazani, hakuwahesabu katika watu wa mji wale waliobeba mawe, maji na pembe mbele ya macho yake. Soko lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa mahali pake chini ya uangalizi wa Steere. Lakini utumwa wenyewe ulidumu kisheria mpaka mwaka 1897. Watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, waliishi katika nyumba za udongo na makuti ambazo wageni wengi hawakufika, na tabia ya mji ikaandikwa pasipo wao.

Msomaji ataniuliza: je, mwenyeji angalisema kweli zaidi? Yuko shahidi mmoja awezaye kutujibu. Sayyida Salme, binti Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akakaa Hamburg, mgeni katika mji wa baridi. Mwaka 1886 alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na sehemu yake kubwa ni jawabu kwa wazungu walioandika juu ya kwao bila kuingia ndani. Aeleza sikukuu, malezi, elimu, na maisha ya wanawake ambayo hakuna mgeni mwanamume aliyeweza kuyaona. Kwa hayo tuna deni kwake. Lakini alipofika katika habari ya watumwa, binti wa jumba aliutetea utumwa, akasema haukuwa mzito kama Ulaya ilivyodhani. Mwenyeji naye ana upofu wake, nao upo pale pale alipolelewa.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja katika manowari ya Kijerumani, akidai urithi wake. Nduguye Barghash alikataa kumpokea. Mtoni, alikozaliwa, alikuta magofu. Lakini alipopita njiani watu wa mji walimzunguka, wakamsalimu kwa lugha aliyokuwa hakuisikia kwa miaka 19. Sijui habari nyingine ya karne ile ionyeshayo wazi zaidi jinsi mji mmoja uwezavyo kumfungia mtu mlango na kumfungulia siku moja. Angeuliza, "Watu wa Unguja wakoje?" jibu la jumba na jibu la njia yangekuwa mbalimbali, na yote mawili yangekuwa ya kweli.

Basi tufanyeje na vitabu vya wageni? Wako wasomi wapendao kuvitupa, wakisema ni fitina za wakoloni. Wako na wavipokeao kama msahafu kwa kuwa vimechapwa zamani. Mimi naona njia zote mbili ni za uvivu. Kila ukurasa yafaa uulizwe maswali: mwandishi alifika mwezi gani? Alifikia kwa nani? Alijua lugha gani? Alikaa siku ngapi? Nani alimbebea mzigo? Akieleza kisima, mlango au bei, na tumsikilize. Akieleza moyo wa taifa zima, na tumwulize amekula chumvi na wangapi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: aliyeshika jembe ndiye ajuaye udongo.

Na maswali hayo yatuhusu sisi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni waja kwa ndege na kwa boti, kaskazi na kusi. Bado waanza kwa sifa za bahari. Bado wengine huondoka wakisema watu ni wapole, na wengine wakisema watu wataka fedha tu. Wataandika, na yatasomwa. Desemba mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, ilianguka. Picha zake za kale tulizonazo nyingi zilipigwa na wageni, na tumezihitaji. Lakini barazani wangali wazee waujuao mji kwa majina ya visima, ya mafundi na ya watu waliokuwa wakichota maji, nao hawakuandika neno. Mwanafunzi aendaye kuwasikiliza na aende na maswali ya Christie, si hukumu za Burton. Na aende mapema, kwa maana baraza halina maktaba.