Polimerasi ya RNA ya virusi vya influenza

Polimerasi ya RNA ya virusi vya influenza ni kimeng'enya kinachonakili jenomu ya virusi hivyo, ambayo katika aina A na B imegawanyika katika vipande 8 vya RNA. Kimeundwa na protini tatu, PB1, PB2 na PA, zilizoshikamana na kuwa na uzito wa takriban kilodaltoni 250. Umbo lake kamili lilianikwa mwaka 2014 na kundi la Stephen Cusack huko Grenoble, Ufaransa.

PB1 ndiyo inayounganisha nyukliotidi. Kioja kiko kwenye namna utengenezaji wa RNA mjumbe unavyoanza, maana huanza kwa wizi. RNA mjumbe ya seli ina kofia ya kikemikali kwenye ncha yake ya mbele. Ndani ya kiini cha seli, PB2 huikamata kofia hiyo, kisha PA huikata RNA umbali wa nyukliotidi 10 hadi 13 kutoka hapo. Kipande kilichoibwa huwa kianzio cha ujumbe wa virusi, na ribosomu huusoma kana kwamba ni wa seli yenyewe. Dawa ya baloxavir, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, huzuia ukataji huo.

Kimeng'enya hiki hakisahihishi makosa yake ya kunakili, sababu mojawapo ya chanjo ya mafua kupitiwa upya kila mwaka. Kosa moja tu laweza kuwa na uzito: katika PB2, nafasi ya 627, lisini ikichukua mahali pa asidi ya glutamiki, polimerasi ya virusi vya ndege hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya seli za mamalia.