Madaktari wa Uingereza na Mwaka wa 1948

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Mwingereza aliyeshikwa na ugonjwa alikuwa na mawili ya kufikiri: maradhi yake na mfuko wake. Mfanyakazi mwenye bima, kwa sheria ya mwaka wa 1911, alikuwa na daktari. Lakini bima hiyo haikumkinga mkewe wala watoto wake. Mama aliyeona uvimbe mwilini mwake alinyamaza, akangoja, na pengine akangoja hata mauti.

Katika mji wa Tredegar, huko Wales, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wamejitafutia njia nyingine. Walitoa sehemu ndogo ya mishahara yao, na kwa fedha hizo chama chao kiliwaajiri madaktari waliowatibu wao na jamaa zao. Aneurin Bevan alizaliwa katika mji huo mwaka wa 1897, na alipokuwa kijana bado alishuka shimoni kuchimba makaa. Alipofanywa Waziri wa Afya mwaka wa 1945, aliazimia kuifanya nchi nzima iwe kama Tredegar: watu wote watibiwe bila ya kutozwa, na gharama zitoke katika kodi. Sheria ikapita mwaka wa 1946.

Walioipinga kwa nguvu walikuwa madaktari wenyewe. Si haki kuwaita wote wachoyo. Wengi waliogopa kugeuzwa makarani wa serikali, waamriwe mahali pa kukaa na namna ya kutibu. Tena daktari wa siku zile aliinunua kazi yake kama mtu anunuavyo duka: alimlipa daktari mzee, akawarithi wagonjwa wake, na alipozeeka naye akaiuza. Sheria mpya ilikomesha biashara hiyo, ikatenga pauni milioni 66 za kuwafidia. Haikutosha kuwatuliza. Mwezi wa Februari 1948 chama chao kilipiga kura, na karibu 9 katika kila 10 wakakataa. Ilikuwa imebaki miezi mitano tu.

Bevan akawagawa. Mabingwa wa hospitali aliwaruhusu kuitumikia serikali kwa sehemu ya wakati wao, na kuendelea kuwatibu wagonjwa wa kulipa, hata kuwalaza katika vitanda vyao maalumu ndani ya hospitali zile zile za umma. Madaktari wa mitaani aliwaahidi kwamba hawatakuwa watu wa mshahara, bali watalipwa kwa hesabu ya watu walioandikishwa kwao. Kura ilipopigwa tena, upinzani ulikuwa umepungua sana, na tarehe 5 Julai 1948 kazi ikaanza. Nionavyo mimi, bei ile ilikuwa ghali, maana hospitali moja ilipata milango miwili. Walakini bila ya bei hiyo labda usingefunguliwa hata mmoja.

Wako ambao hawakuridhika. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wengi wa Uingereza walivuka bahari kwenda Kanada, Australia na Marekani. Nafasi zao zilijazwa na madaktari kutoka India na Pakistani, ambao mara nyingi walipewa kazi wenyeji walizozikwepa: kuwatunza wazee na wagonjwa wa akili, au kutibu katika miji ya viwanda na mabonde ya makaa. Vijiji walikotoka navyo vilikuwa na wagonjwa.

Mizani hiyo hiyo imefika kwetu. Chuo cha kwanza cha udaktari nchini Kenya kilianza Nairobi mwaka wa 1967, na wanafunzi wake waliofuzu wamekuwa wakipima kati ya hospitali ya serikali, hospitali ya kulipa, na safari ya ng'ambo. Mwezi wa Desemba 2016 madaktari wa serikali waligoma, wakidai yatimizwe mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka wa 2013. Mgomo ulidumu siku 100. Katika siku hizo mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipa. Asiyekuwa nazo alirudishwa langoni.