Kabla ya Dodoma, Mvinyo Ulikuwa Uzaramoni

Mtajie Mtanzania neno mvinyo, mawazo yake yatakimbilia Dodoma. Si kosa lake. Mizabibu ya Bihawana ililetwa na wamisionari miaka ya 1950, baadaye Serikali ikaipa kiwanda, kituo cha utafiti na jina. Lakini gari likishatoka Gongo la Mboto na kuanza kupandisha vilima vya Pugu, tayari umeingia nchi nyingine ya kinywaji, kongwe kuliko ile ya Dodoma, ambayo haijawahi kupewa hata robo ya heshima hiyo. Ni Uzaramo, nchi ya mnazi na mkorosho, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha.

Mimi na mke wangu hupenda kuizunguka kuanzia Novemba, mabibo yakiwa yameiva. Tunapita Pugu, Kisarawe mjini, Maneromango na Mzenga, tunatokea Mlandizi, kisha tunarudi mjini kwa barabara ya Morogoro kupitia Kibaha. Vumbi ni la kutosha, na mvua za vuli zikiwahi, vumbi hilo linageuka utelezi.

Tuanze na mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, kibuyu kikining'inia. Hulifunga karara kabla halijafunguka, akalikata ncha, na kila anaporudi hulipunguza kidogo sana ili utomvu usizibe. Hatii hamira wala sukari. Chachu inajileta yenyewe. Kinachoteremshwa asubuhi ni kitamu na chepesi. Mchana kina povu, jioni kinapanda kichwani, na kikilala sana kimekuwa siki. Hapo ndipo ulipo udhaifu wake wa kibiashara: mvinyo wa zabibu unavumilia pipa, chupa na meli, ilhali mnazi unataka kunywewa karibu na mti wake.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliukuta ukinywewa. Mwaka 1923 wakatunga sheria ya pombe za kienyeji, na kutengeneza au kuuza kukawa jambo la vibali. Wakati huohuo Mwafrika alikatazwa pombe kali za Wazungu karibu muda wote wa utawala wao. Yaani mtu aombe ruhusa ya kuuza kinywaji cha babu yake, na cha mgeni asikiguse.

Mkorosho una kisa chake. Ulikuja na Wareno kutoka Brazili karne ya 16, kwa hiyo ni mgeni kama mzabibu, ila ulitangulia kwa karne nne. Katika udongo wa kichanga wa Pwani ukastawi hadi ukasahaulika kuwa ni mgeni. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, kiwango kilichoiweka miongoni mwa wakubwa wa dunia. Kisha mambo yakaharibika kwa kasi. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na miti yao, bei zikadorora, na ugonjwa wa ubwiriunga ukayashambulia maua. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kibaha, iliyokuwa imejengewa kiwanda cha kubangua korosho kama miji kadhaa ya kusini, ikabaki na mashine zisizo na kazi. Ilihitajika salfa, bei ya kueleweka na zaidi ya miaka kumi ndipo zao likasimama tena.

Katika hesabu hizo zote hakuna aliyehesabu bibo. Tunda hilo, jekundu au la njano, ni zito mara kadhaa kuliko korosho iliyoning'inia chini yake, lakini korosho ikishanyofolewa, lenyewe huachwa likaoza chini ya mti. Wanawake wa vijijini ndio waliolipa thamani. Karibu na Mzenga tulimkuta bibi mmoja akiyakamua kwenye beseni, mikono imekuwa ya kahawia hadi vifundoni.

"Shikamoo, bibi," mke wangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Jihadhari na hiyo kanga, utomvu wa bibo hautoki mpaka mti umalize msimu."

Maji hayo yakikaa siku moja au mbili huwa uraka, mkali kidogo, wenye ladha inayokaukia ulimini. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukakingwa, hiyo ni gongo, na hapo ndipo polisi huingia. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 iliweka leseni kwa anayetaka kutengeneza moshi, yaani pombe ya kienyeji ya kukinga mvuke kama gongo, na mama wa kijijini hakuwa na njia ya kuipata. Mimi sitetei gongo. Imepofusha na kuua watu. Ninachosema ni kwamba uraka ulichafuliwa jina na mtoto wake. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wameshaonyesha kuwa mabibo yanatoa mvinyo wa chupa na juisi safi, basi kilichokosekana Kisarawe si tunda.

Wanyama nao wapo, ukiwa na subira. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale sana ya pwani, na humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Ni wa usiku, usitegemee kumwona mchana. Utaona tumbili, ndege, na jioni popo wakimiminika kutoka mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini. Mkaa wa Dar es Salaam umeutafuna msitu huu kuliko kitu kingine chochote. Vilima hivi vimeona makubwa pia: wamisionari Wabenediktini walifungua kituo chao Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kikavamiwa na kuchomwa.

Anayetaka tembo na simba ashike njia ya Maneromango, Vikumburu hadi Mloka, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Sisi tulikata kuelekea Mlandizi, kwenye Mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani. Mmoja wao, Stanley, alipouvuka mwaka 1871 alikuta viboko, akawapiga risasi bila sababu ya maana. Maji tunayokunywa Dar es Salaam yanatoka mto huohuo. Mtambo wa Ruvu Juu ni wa mwaka 1959. Chakula cha huku ni kambale wa kuchemsha kwa nazi, kisamvu, na ugali wa bada. Mvinyo wa Ulaya hauhitajiki mezani hapo.

Ukipanga kwenda, nenda kati ya Oktoba na Januari. Lipia kiingilio cha msitu kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na umchukue mwongozaji. Mnazi unywe palepale unapogemwa, gongo usiiguse, na atakayeshika usukani aishie kwenye dafu.