Mwaka 1974: Kompyuta Nje, Fundi Ndani

Kuna mwaka mmoja ninaourudia kila nikisikia watu wakibishana kuhusu akili mnemba na vijana wetu wa ufundi. Ni 1974. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukafunguliwa.

Tusicheke haraka. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zilipotegemezwa kwenye mashine, mambo yakaenda mrama. Mashine ilikuwepo, ila Watanzania wa kuiendesha walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Usukani ulishikwa na wageni. Hesabu zikavurugika, na dawa iliyochaguliwa ikawa kufunga mlango. Kwa maoni yangu, ugonjwa ulikuwa kukosa mafundi, si kuwa na kompyuta.

Ile sheria ya ufundi nayo ikaendelea na kazi yake kimyakimya. Vyuo kama cha Chang'ombe, Dar es Salaam, vilifundisha uashi, useremala, umeme na uchomeleaji. Baada ya miaka 20, mwaka 1994, ikaundwa VETA, wakati ambapo marufuku ya kompyuta ilikuwa imeshalegea. Lakini ile milango miwili haikukutana mara moja. Kwa muda mrefu kompyuta ilibaki kitu cha ofisini, chumba chenye kiyoyozi na viatu vinaachwa mlangoni. Fundi na mikono yake ya grisi angeingiaje humo?

Simu ndiyo iliyovunja ukuta. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya Airtel walizindua VSOMO: unasoma nadharia kwenye simu, kisha unakwenda karakana ya chuo kwa vitendo. Naupenda mpango huo kwa sababu ulijua mpaka wake. Huwezi kujifunza kuchomelea geti kwa kutelezesha kidole juu ya kioo.

Sasa imekuja akili mnemba, na hapa sisi wapenda lugha tunahusika. Nenda gereji yoyote usikilize: plagi, kabureta, shokapu, gasketi, breki, gia. Hicho ni Kiswahili kamili, kimetengenezwa na mafundi chini ya mwembe bila kikao cha kamati. Juzi niliiuliza programu moja kuhusu gari linalotoa moshi mweusi. Ikanijibu kwa Kiswahili safi, cha kitabuni, ambacho fundi wangu alikisoma mara mbili kisha akaniuliza, "Huyu kasomea wapi?" Yeye alishajua tatizo kwa kusikiliza mlio tu.

Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi. Na fundi wa mtaani haandiki. Maarifa yake yapo masikioni na viganjani, anamrithisha kijana wake kwa kumwambia "shika hapa, sikia". Kisichoandikwa hakimo ndani ya mashine. Kwa hiyo kijana wa chuo akifundishwa kuuliza tu, atapokea majibu ya karakana za watu wengine, kwa majina ya vifaa asivyovitumia.

Wengine huiita akili unde, na mimi nalipenda jina hilo zaidi. Kuunda ni kitenzi cha mafundi wa majahazi wa pwani yetu, waliochonga mbao na kuziunganisha hadi chombo kikaelea. Jina lenyewe linatukumbusha kwamba kitu hiki kimeundwa, na kilichoundwa kina mafundi wake.

Mwaka 1974 tulikuwa na mashine bila mafundi, tukaitoa mashine. Safari hii haitoki, iko mfukoni mwa kila mwanagenzi. Kilichobaki ni yule fundi wa gereji kuingizwa darasani kama mwalimu, na maneno yake yaandikwe kabla hajazeeka.