Uendelevu: Ziwa Likifungwa, Nini Kinaendelea?

Julai 2024, binti mmoja wa Kasingirima, hapa Kigoma-Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, anayesomea sayansi za dunia chuo kikuu alikuwa nyumbani kwa likizo. Jioni moja alimsomea bibi yake maneno kutoka daftari lake: uvuvi endelevu ni ule unaokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Bibi ameuza dagaa tangu ujana wake. Alikitazama kichanja chake, kitupu tangu katikati ya Mei, akauliza: "Sasa mjukuu wangu, ziwa wamelifunga miezi mitatu. Hapo kinachoendelea ni nini?"

Binti alikosa jibu. Kesho yake alinijia na swali lile lile, kwa kuwa anajua kazi yangu ni maneno. Nililiona ni swali halali kabisa, na linastahili kujibiwa kuanzia kwenye neno lenyewe.

Uendelevu umetokana na kitenzi endelea, ambacho nacho kimetokana na enda. Kiambishi -vu kilicho mwishoni ndicho chenye kazi kubwa. Tunakiona katika sikia na msikivu, tulia na mtulivu, vumilia na mvumilivu. Mtu anayesikia amesikia jambo fulani, sasa hivi. Msikivu ni mwenye tabia ya kusikia, hata saa hii akiwa amelala. Mtoto aliyetulia kwa sababu ana homa si mtoto mtulivu. Kwa hiyo -vu haielezi tendo linalofanyika. Inaeleza tabia iliyomo ndani ya kitu.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Uvuvi unaoendelea ni uvuvi ambao leo watu wameingia ziwani, na jana waliingia. Uvuvi endelevu ni uvuvi wenye tabia ya kuweza kuendelea. Wa kwanza unaweza kuwa ndio unaoua wa pili, na wa pili unaweza kudai wa kwanza usimame kwa muda. Tanzania iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, sarufi yetu haikuvunjwa. Uvuvi ulikoma kuendelea ili ubaki endelevu.

Wenzetu walilifikia wazo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliandika kuhusu misitu iliyokuwa ikimalizwa kwa kuni za kuyeyushia madini, akataka miti ikatwe kwa kiasi kinachoweza kuota tena. Neno la Kiingereza, sustainability, linatokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni kushikilia kitu kwa chini kisianguke. Ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Brundtland kuhusu mazingira na maendeleo ndiyo iliyolieneza duniani kote, na maelezo yaliyokuwa katika daftari la binti yanafuata fasili ya humo kuhusu maendeleo endelevu. Kiswahili hakikuchagua picha ya kushikilia. Kilichagua picha ya mwendo, na maendeleo endelevu ni mzizi ule ule umetajwa mara mbili.

Zipo tafsiri nyingine ambazo zingeweza kutumika. Ya kudumu ingeeleweka upesi, lakini ingetudanganya, maana kudumu ni kubaki vile vile, na ziwa hili halijawahi kubaki vile vile. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, maji yalikuwa karibu na mahali palipojengwa kumbukumbu yao. Miaka michache baadaye ziwa lilifungua njia kubwa upande wa Kongo, kupitia mto Lukuga, likashuka mita nyingi. Leo ukitoka kwenye kumbukumbu unatembea mamia ya mita kabla hujafika ufuoni. Na miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia katika makazi ya watu. Ustahimilivu nao unalo jambo lake: ni uwezo wa kupigwa na kuinuka. Mji unaweza kustahimili mafuriko hayo, na uvuvi wake ukawa bado si endelevu.

Mwanafunzi wa sayansi za dunia ana faida moja kuliko sisi wa maneno: anaweza kupima tabia hiyo ndani ya maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na limekaa katika mpasuko wa bonde la ufa. Maji ya juu yana joto, ni mepesi, na yanaelea juu ya maji baridi na mazito. Oksijeni inaishia katika tabaka la juu, kati ya mita 100 na 200 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki anayeishi, lakini ndiko iliko ghala ya virutubisho. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu, na sehemu ya virutubisho hupanda. Mwani hula virutubisho, vijidudu vidogo vya majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, mgebuka hula dagaa. Kichanja cha bibi kimefungwa kwa mnyororo huo hadi gizani chini.

Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi zaidi na upepo unashindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, kiasi cha kuweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Juni mwaka huo huo, Dar es Salaam, nchi nne za ziwa hili zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Na hapa Kigoma, kwa miaka kadhaa kabla na baada ya hapo, wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Afrika na Marekani walijifunza utafiti katika Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona. Walichukua tope la sakafu ya ziwa na kulisoma tabaka kwa tabaka. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walionyesha, kwa mabaki ya samaki yaliyohifadhiwa katika tope la namna hiyo, kuwa upungufu wa samaki ulianza karne ya 19, zamani kabla ya uvuvi wa kibiashara.

Matokeo hayo yanatudai tulitumie neno letu kwa uangalifu. Tukisema uvuvi endelevu tukawa na maana ya nyavu tu, tunambebesha mvuvi wa Ujiji mzigo wote. Nyavu zina sehemu yake, na kufunga ziwa kuna sehemu yake, lakini kinachotakiwa kuendelea ni mwendo wa maji kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo kila nikutanapo na endelevu katika ripoti au hotuba, nauliza: ni tabia ya kitu gani inayosemwa? Mradi ukiitwa endelevu kwa sababu tu fedha zake hazijaisha, huo ni mradi unaoendelea.

Nilimweleza binti hayo yote, akarudi Kasingirima. Baadaye alinisimulia yaliyotokea alipomweleza bibi yake. Ili kulielewa jibu la bibi, ni vizuri kujua kwamba wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, nyavu zinaanikwa, na ziwa linapumua siku kadhaa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe wametuwekea mbalamwezi ndefu." Binti alifurahi, akadhani somo limekwisha. Bibi akaendelea kufuta vumbi kwenye kichanja, kisha akauliza: "Na hilo joto ulilolisema, nani atalifunga?"

Swali hilo sasa limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake la utafiti.