Jina la Ukoo Lisilotaja Ukoo: Asili na Urithi wa Jina Othieno katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Fomu za utambulisho zinapotafsiriwa kwa Kiswahili, mwombaji hutakiwa kuandika "jina la ukoo". Mwenye jina Othieno huijaza nafasi hiyo bila kusita, ilhali jina lenyewe halitaji ukoo wowote. Makala haya yanafuatilia asili ya jina hilo, lililozoeleka miongoni mwa Jopadhola wa Tororo lakini lisilo la kawaida mbali na eneo hilo. Hoja yetu ni kwamba istilahi "jina la ukoo" inalibebesha jina ushahidi wa nasaba ambao halikuundwa kuubeba, na kwamba wanaoathirika zaidi ni wakazi wa mpakani.

Asili ya jina

Othieno ni mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Wa kike huitwa Athieno. Dholuo ya Kenya ina jozi inayolingana nayo, Otieno na Atieno. Ogot (1967) anaeleza kuwa Jopadhola na Waluo wa Kenya wana chimbuko moja katika uhamaji wa wasemaji wa lugha za Kiluo kutoka Sudan Kusini ya leo. Tofauti ya th na t ni alama ndogo ya kutengana kwao.

Majirani wao Iteso, ambao lugha yao si ya Kiluo, humwita mtoto wa usiku Okware au Akware. Miongoni mwa Waluhya, majira ya mvua huzaa Wafula na Nafula, na mavuno huzaa Wekesa na Nekesa. Lugha ni tofauti, lakini mantiki ya utoaji majina ni moja: jina hueleza tukio la kuzaliwa. Aidha, mtoto anaweza kurithi jina la jamaa aliyefariki, hivyo si kila Othieno alizaliwa usiku.

Nasaba huhifadhiwa kwingine. Kwa Jopadhola huhifadhiwa katika nono, yaani ukoo, kama vile Amor na Ramogi. Kwa Iteso katika ateker. Akina Othieno wawili wanaweza kuwa wa koo mbili zisizohusiana, na ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Anayetaka kujua kama vijana wawili wanaruhusiwa kuoana haulizi majina yao, huuliza nono.

Kugandishwa kwa jina

Mfumo wa Wachina unadhihirisha tofauti hii. Huko jina la ukoo, likiwemo jina la herufi mbili kama Ouyang, hutangulia jina la mtu, hurithiwa hasa kwa upande wa baba, na binti hubaki nalo hata baada ya kuolewa. Vitabu vya nasaba vya koo husaidia kulifuatilia kwa vizazi vingi. Katika mfumo kama huo, jina adimu linaweza kuwa kielekezi cha asili ya familia. Othieno haliwezi kusomwa hivyo.

Hata hivyo, utawala wa kikoloni ulilisoma hivyo. Nchini Kenya, sheria ya usajili ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande. Pande zote mbili za mpaka, orodha za kodi na rejista za ubatizo zilihitaji jina lisilobadilika. Jina la tukio likawa jina la familia. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: binti huitwa Othieno, akibeba kiambishi O- cha kiume na usiku ambao si wake.

Jina na uraia

Mnamo 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo. Mpaka uliotokana na uamuzi huo, unaofuata kwa sehemu mito Malaba na Sio, uliwagawa Iteso na Wasamia. Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 10, inautambua uraia wa mzaliwa wa Uganda ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jopadhola, Iteso na Basamia wamo katika Jedwali la Tatu.

Kwa hiyo uthibitisho unaotakiwa ni wa nasaba, lakini kilichoandikwa kwenye kitambulisho ni tukio. Afisa anayekisia kwamba Otieno ni Mkenya na Othieno ni Mganda anaigeuza tofauti ya konsonanti moja kuwa mpaka wa kisiasa. Okware, ambaye watu wake wako Tororo na Amukura, hana hata konsonanti ya kumtetea wala kumhukumu.

Hitimisho

Tunapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ianzishe mjadala wa kusanifisha istilahi za usajili: "jina la mwisho" litumike kwa jina linaloandikwa mwishoni, na "ukoo" libaki na maana yake. Hatupendekezi ukoo uwe sharti la kitambulisho, kwa kuwa taarifa hiyo inaweza kutumiwa kubagua. Itajwe kwa hiari pale tu nasaba inapohitaji kuthibitishwa, na ushahidi wa wazee wa ukoo uzingatiwe kuliko tahajia ya jina.